Akili ya Mama Iko Kwenye Tangi

Jumamosi asubuhi Levina alitoa chupa ya maji yaliyoganda kwenye friji la jirani yake Merina, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaizamisha kwenye tangi la kioo pale sebuleni, karibu na pampu, ili joto lishuke. Ulikuwa mwezi wa pili, Ifakara inachemka, na tumbawe lililomo kwenye tangi hilo halipendi maji yapite nyuzi ishirini na sita. Mama yake, Bi Mariana, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Beno kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umezama majini hadi kiwiko.

"Chupa umeiosha?" aliuliza.

"Nimeiosha, mama."

"Maana juzi ilikuja na harufu ya kambare. Nikashinda siku nzima nakumbuka kambare ambaye sikumla mimi."

"Nilimla mimi," alisema Merina, ambaye alikuwa amefika mlangoni na sahani ya maandazi. "Alikuwaje?"

"Chumvi ilizidi."

Merina alikubali kwamba chumvi ilizidi. Akaweka maandazi mezani, akasema shida yake: mama mkwe wake kabla hajafariki alikuwa na kinu kizuri cha mninga, na sasa ukoo mzima unakitafuta, kila mmoja anamwangalia mwenzake vibaya. Bi Mariana alifikiri kidogo. Ndani ya tangi vinyuzi vya tumbawe vilitikisika upande wa dirisha. Halafu akasema kinu kiko Mang'ula kwa binamu wa marehemu, wamekilaza uani, wanawekea kuku maji. Merina akashukuru, akala andazi moja katika yale aliyoleta, akaondoka kwenda kupiga simu Mang'ula.

Ndivyo ilivyokuwa nyumba ile. Akili ya Bi Mariana ilikuwa imehamia kwenye tumbawe. Akitia mkono majini anakuwa nayo, akiutoa anakuwa hana, na mtaa ulishazoea, kama unavyozoea kwamba fulani ana miwani ya kusomea.

Tumbawe lenyewe lilifika Ifakara kwa njia ya kawaida kabisa. Kulikuwa na mtafiti wa mbu, mtu wa Ulaya, aliyekuwa anafuga kipande cha bahari kwenye nyumba yake ya kupanga, maana alisema bila hicho hapati usingizi. Mkataba wake ulipoisha aligawa vitu. Mlinzi alipata godoro, mpishi alipata mapazia, na Levina alipata tangi na pampu na taa na ndoo za chumvi na tumbawe. Levina alikuwa amesomea ufugaji wa viumbe vya majini chuoni Dar es Salaam, akarudi nyumbani akapata kazi ya kutotolesha vifaranga vya perege, na kila Jumapili baada ya misa alikuwa anaenda kwa yule mtafiti kusaidia kubadilisha maji. Yeye ndiye mtu pekee mjini aliyewahi kuuliza tumbawe limeamkaje.

Lilikuwa la mviringo, ukubwa wa mkate wa kuoka nyumbani, gumu kama jiwe kwa sababu ndani ni jiwe kweli, na juu lina nyama laini iliyojikunja mifereji mifereji, kama ubongo wa mbuzi pale buchani, ila mifereji yake ni ya kijani na matuta yake ni mekundu yaliyofifia. Mtafiti alimweleza Levina kila kitu. Liweke chini kwenye mchanga. Usiliwekee jirani wa karibu, linauma. Maji yakipungua ongeza maji matupu, usiongeze ya chumvi, kwa sababu maji yanapaa na chumvi inabaki. Chumvi iwe ile ya ndoo inayokuja na basi kutoka Dar, isiwe ya duka la Merina. Akishamaliza kusema hayo alikigusa kioo, akalia kidogo, akapanda basi.

Wakati huo Bi Mariana alikuwa ameshapigwa na kiharusi. Kilimpiga wakati Levina yuko mwaka wa mwisho chuoni. Kiliua mkono wa kulia, kikafuta watu wote na mambo yote, kikamwachia neno moja tu, marahaba. Mtu akimwamkia shikamoo, alipata jibu sahihi na akaondoka ameridhika. Ukimuuliza chai iwe na sukari, marahaba. Ukimuuliza kama anamjua huyu binti aliyekaa mbele yake anamlisha uji, marahaba.

Sasa siku tangi lilipofungwa pale sebuleni, Levina alimsogeza mama yake karibu kwa sababu feni ya kupoza maji ilikuwa inapuliza upande ule, na upepo ni upepo. Akageuka kuchota maji. Ule mkono uliokufa ukateleza kwenye mkono wa kiti, ukaanguka ndani ya tangi, ukatulia juu ya tumbawe.

"Levi," alisema Bi Mariana, "hii taa ya bluu inaumiza macho."

"Inazimika saa mbili, mama."

"Na nywele umezikata lini?"

"Nilipomaliza chuo."

"Hazijakupendeza."

Levina alimwambia zitaota. Akamuuliza kama chai atie tangawizi, na mama akasema tia, lakini usitie kama unavyotia siku zote. Kliniki, daktari alipoelezwa alipima presha, akauliza kama maji yanabadilishwa, akasema mgonjwa aendelee.

Kazi haikuwa ndogo. Levina aligundua taratibu kwamba kila mfereji una mambo yake. Jioni tumbawe linapotoa vinyuzi vyake kutafuta chakula, alikuwa analilisha vipande vidogo vya kamba kwa kibano, na mfereji ulioshiba ndio uliozungumza kesho yake. Mfereji wa juu ulikuwa wa kwaya, sauti zote nne. Wa upande wa dirisha ulikuwa wa majirani na mali zao. Ule unaozunguka kushoto ulikuwa wa utoto, Malinyi, mafuriko, kiboko aliyelala kwenye jaruba la mpunga la babu na kukataa kuondoka. Wa ukutani ulikuwa wa ndoa, na huo Levina aliulisha kidogo sana, maana mama alikuwa anaeleza mambo ya marehemu baba bila kuruka kitu. Siku moja Levina akisugua ukungu kwenye kioo alilikwaruza tumbawe kwa bahati mbaya, na mama akalipoteza jina la dada yake mdogo. Jeraha lilipopona jina lilirudi, Aurelia, ila lilirudi na lafudhi ya Mahenge.

Kulikuwa na mfereji mmoja nyuma, chini, karibu na mchanga, ambao haukuwahi kufunguka. Ulijibana kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa. Levina alidhani unaumwa. Alikuwa anauwekea kamba kila jioni, na kila asubuhi anamkuta kamba palepale.

Tatizo kubwa lilikuwa umeme. Umeme wa Ifakara unakatika, hasa mvua zikianza kule milimani Udzungwa, na pampu ikisimama maji yanaanza kufa. Betri ndogo ya Levina ilikuwa inaisha kabla maharage hayajaiva. Lakini ukuta wa pili kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga ya kaka yake, Beno, na mashine ile ilikuwa na jenereta kubwa la dizeli. Beno alirusha waya juu ya ukuta mwenyewe, akaufunga kwa mpira wa tairi. Umeme ukikatika tu, hata awe anakula, alinyanyuka akaenda kuliwasha. Pampu inarudi, na mama anaendelea na sentensi yake pale alipoishia.

Beno alikuwa mtu wa watu. Vumbi la pumba kwenye nyusi, kicheko kikubwa, kila mtoto wa mtaa anamjua. Akiingia alikuwa anaanza, "Shikamoo mama, leo upo au haupo?" na mama, mkono majini, anajibu, "Nipo, vua viatu." Jumuiya ilipokuwa zamu ya nyumba ile, wanajumuiya walisali rozari wamekaa mbele ya tangi, na kwenye maombi walimtaja Beno kwa jina. Merina alikuwa anasema kuna wanaume mama zao wakiugua wanabadilisha laini ya simu.

Mashine ile Beno aliipata baada tu ya mama kuugua. Levina aliambiwa ni akiba na mkopo. Aliambiwa pia kwamba shamba la mama kule Malinyi, ile mbuga ya mpunga aliyoirithi kwa baba yake na kuilima toka ujana, imekodishwa kidogo ili kulipa hospitali. Levina alikuwa na mitihani. Hakuuliza imekodishwa kwa nani.

Basi wiki mbili baada ya habari ya kinu, saa sita mchana, alikuja mgeni. Alikuwa mwanaume mrefu, kofia pana, amefunga gunia la mchele nyuma ya pikipiki na ameshika dumu la maziwa ya mgando. Alijitambulisha kuwa anaitwa Sayi, wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe kutoka Shinyanga, na kwamba amesikia mama sasa anaongea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Mimi sikujui, lakini karibu."

"Unanijua mama, ila siku ile ulikuwa unaumwa." Sayi alivua kofia, akaishika magotini. "Nimekuletea mchele wa kwanza. Kwetu mtu akikupa ardhi unampelekea mavuno ya kwanza. Mwaka jana nilikuja, wakaniambia mama haelewi kitu, nikaona nisikusumbue. Huu ni wa kwenye shamba lako. Ni langu sasa, lakini lilikuwa lako."

Levina alikuwa na jagi la maji matupu mkononi, anaongeza yaliyopaa. Aliendelea kumimina hadi yakafika kwenye alama, akaweka jagi chini.

"Shamba gani?" aliuliza Bi Mariana.

Mfereji wa nyuma, ule wa karibu na mchanga, ulifunguka mchana kweupe. Vinyuzi vyake vilitoka, vyeupe na virefu kuliko vya mifereji mingine, vikamshika yule kamba wa jana na kumvuta ndani. Bi Mariana alisubiri mpaka tumbawe lilipomeza.

"Lile lenye mkuyu kwenye kona," alisema. "Nimekupata. Wewe ulinishika kiunoni."

"Ndiyo mama. Nilikushika vizuri, hukuanguka."

"Hukuniangusha, kweli."

Kisha akaeleza. Siku ile hakuwa na mahali pa kuweka kitu kichwani, lakini macho yalikuwa yanaona, na vilivyoonwa vilikaa vikisubiri nafasi. Beno alikuja asubuhi akamvalisha kitenge cha Pasaka. Akampakia kwenye Noah ya kukodi, wakavuka daraja, wakafika Malinyi. Kule ardhi ikitolewa ni lazima mwenye shamba atangulie mbele, azungushe mipaka yote kwa miguu yake, na majirani wafuate nyuma wakiona. Miguu yake haikuwa inatembea. Basi Beno akaazima pikipiki, wakampakia mshikaki, Beno mbele, mama katikati, Sayi nyuma amemshika, wakazunguka tuta kwa tuta, taratibu, mpunga ukiwa magotini. Majirani walikuwa wamesimama kila kona. Shikamoo Mama Beno. Marahaba. Shikamoo mama, umependeza. Marahaba. Walipofika kwenye mkuyu wakasimama, mzee mmoja akauliza, mama, shamba hili unamwachia huyu bwana? Marahaba.

"Nilifurahi siku ile," alisema Bi Mariana. "Sikujua ni shamba la nani, lakini lilikuwa zuri. Nikafikiri huyu kijana anayeniendesha Mungu ambariki, kanileta kutembea."

Sayi aliangalia kofia yake. Alisema yeye aliambiwa ugonjwa umemkalia mama kwenye ulimi tu. Levina alimpa maji ya kunywa, akapokea mchele na maziwa, kwa sababu zawadi hairudishwi mlangoni.

Bi Mariana alikuwa anataka kitu kimoja. Alisema mara moja jioni ile, na Beno aliporudi kutoka mashineni alisema tena mbele yake: anataka shamba lake. Mpunga ukianza kuzaa anataka kukaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti, afukuze ndege kama miaka yote. Levina alisema atampeleka, hata kama ni kwa kwenda na tangi. Beno alivua viatu, akakaa, akala maziwa ya mgando bila kujua yametoka wapi. Alipoambiwa, aliendelea kula.

"Tuite mwenyekiti," alisema. "Mimi sifichi."

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Donati, alikuja Jumatano saa tisa alasiri. Sayi alikuja kutoka Malinyi. Merina hakuitwa, alikuja na maandazi. Levina alikuwa ameosha kioo na kununua soda, na tangi lilikuwa linang'aa kiasi kwamba Mzee Donati aliweka kiti chake kwa kulielekea hilo badala ya watu.

Alianza na mama. Akamwomba asimulie, mama akasimulia, sawasawa na mara ya kwanza, na mfereji wa nyuma ulikuwa wazi muda wote.

"Sasa mama, naomba utoe mkono."

Bi Mariana akautoa. Levina akamshikia taulo.

"Mama, Beno alikuzungusha mipaka?"

"Marahaba."

"Beno hakukuzungusha?"

"Marahaba."

"Rudisha mkono, mama," alisema Mzee Donati, na alipourudisha akamwomba radhi, naye akasema si kitu, ila mkono unapotoka majini ghafla mgongo unamuuma. Mzee Donati alisema mashahidi wa namna hii wapo, wengine hawaongei mpaka wanywe. Swali lake lilikuwa moja. Mila inasema mwenye shamba atangulie. Je, mama alitangulia?

"Alikuwa katikati," alisema Sayi.

"Aliyekuwa mbele ni Beno," alisema Levina. "Mwenye shamba hakutangulia. Alitangulia dereva."

Jambo hilo walilijadili kwa muda. Merina alisema ukipanda basi dereva ndiye anatangulia kufika, na wewe unafika baadaye. Sayi alisema kwenye njia nyembamba yeye wa nyuma ndiye alikuwa anaona kila kitu mwisho. Mzee Donati aliwaza, akanywa soda, akaamua kwamba kwenye pikipiki wote mnafika pamoja. Mipaka ilizungushwa.

"Lakini hakujua," alisema Levina.

"Hilo ni lingine. Beno, kwa nini hukusubiri?"

Beno alikuwa ameegemea ukuta. Hakucheka siku ile. "Nimsubiri nani, mzee? Mama alikuwa yupo na hayupo. Daktari aliniambia kabisa, huyu harudi. Huyu mwenzangu yuko Dar anasoma samaki. Hospitali wanataka, chakula kinataka, mpunga umesimama mbugani hakuna wa kuvuna. Ningemuuliza nani?"

"Ungesubiri," alisema Bi Mariana.

"Nisubiri nini, mama? Jiwe la Mzungu?"

"Si lilikuja."

"Nilijuaje kama litakuja?"

"Hukujua. Ndiyo maana mtu anasubiri." Bi Mariana alijinyoosha kwenye kiti. "Na ungekuwa na haraka ungeliuza shamba langu waziwazi, ukiniambia hata kama sisikii. Wewe ulinivalisha kitenge cha Pasaka. Uliniambia, mama, twende ukaone mpunga wako. Ukaniweka katikati kama dumu, ukawa una—"

Umeme ulikatika hapo. Feni ilizunguka mara chache ikasimama. Taa ya bluu ilizimika, na povu la pampu likapanda juu na kwisha. Maji yalitulia kabisa, ukaweza kujiona usoni.

Bi Mariana alibaki mdomo wazi. Alimwangalia Beno, akamwangalia Mzee Donati. Vinyuzi vya mfereji wa nyuma vilikuwa vinaanza kuingia ndani, kimoja kimoja.

Levina aliunganisha betri yake, ambayo ilitoa povu kidogo na kuacha. Wote walikuwa wanamwangalia Beno. Beno alikuwa na soda mkononi, imebaki nusu. Aliinywa taratibu hadi ikaisha, akaweka chupa kwenye kreti, akavaa viatu, akatoka. Walisikia hatua zake uani, walisikia mlango wa bati wa mashine. Jenereta halikuwaka. Merina aliacha kutafuna. Sayi alisimama kama anayetaka kwenda kusaidia, halafu akakaa tena. Nyama ya tumbawe ilikuwa imeanza kushuka kwenye matuta, na mfupa mweupe ulionekana kwa juu.

Jenereta likaunguruma.

Pampu ilikohoa, povu likarudi, taa ikawaka.

"—niendesha polepole," alisema Bi Mariana, "ili nionekane na kila mtu."

Beno alirudi, akavua viatu, akaegemea ukuta palepale. Alinuka dizeli. "Nakusikia, mama," alisema.

Mzee Donati alifuta jasho. Alisema njia ipo. Mashine iuzwe, Sayi arudishiwe fedha zake, mama arudishiwe shamba. Sayi alisema yeye hana tatizo, amejenga kibanda na kuchimba kisima, lakini akirudishiwa chake ataondoka, ardhi ya mama aliyelia hailimiki vizuri. Beno alisema sawa, auze. Alisema bila kukasirika. Jenereta linaondoka na mashine, anayenunua mashine hawezi kuacha jenereta. Levina alisema atatafuta jenereta lake. Mshahara wa vifaranga vya perege kila mtu pale aliujua, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza atatafuta wapi.

"Tumuulize mwenyewe," alisema Mzee Donati.

Bi Mariana alikuwa anaangalia ndani ya maji. Alikaa hivyo kwa muda, na wao wakasubiri, hata Beno.

"Nikisema nirudishiwe, nitarudishiwa," alisema. "Mtanipeleka, mtanipandisha kwenye dungu, nitakaa pale. Umeme ukikatika huku, nitakuwa pale juu sijui ni la nani. Ndege watakula." Aligeuza mkono majini, kiganja kikawa juu. "Nikisema aachiwe, litakuwa la huyu bwana. Na mimi kila siku nitajua kwamba ni langu."

"Mama, usiseme hivyo," alisema Levina.

"Levi, ni akili yangu, acha niitumie. Bora nijue."

Mzee Donati aliuliza mara ya pili kama hayo ni maneno yake, kwa sababu mila inataka mara mbili, na mama akasema ni yake. Akauliza mara ya pili kwa Beno kama amesikia. Beno alisema amesikia. Mkutano ukafungwa kwa sala. Sayi alienda kwa Bi Mariana, akapiga goti, akasema kila msimu atakuwa analeta mchele, na mama akamwambia alete, na mwakani aangalie ule upande wa mkuyu, maji huwa yanakimbilia pale.

Levina alikaa muda mrefu amekasirika na mtu mmoja, kisha mwingine, kisha tumbawe. Alikaa siku kadhaa bila kusema na kaka yake. Lakini waya ulikuwa palepale juu ya ukuta, umefungwa kwa mpira wa tairi, na mvua za masika zilianza. Umeme ulikatika asubuhi na jioni. Kila ulipokatika mlango wa bati ulilia, na kila jenereta lilipowaka, jambo la kwanza Bi Mariana alilosema lilikuwa la pikipiki. Beno alikuja akalisikiliza amesimama mlangoni, mikono myeusi kwa grisi, hata wateja wakimwita. Hakuomba msamaha na hakujitetea tena. Akishamaliza kusemwa alikuwa anasema, "Mafuta yanafika kesho mchana," na mama anasema, "Haya, asante," naye Beno anarudi mashineni. Mtaa unaendelea kumsifu. Jumuiya bado inamtaja.

Mwezi wa sita Levina aliliona tumbawe limekua. Pembeni, karibu na ule mfereji wa nyuma, liliota mfereji mpya, mwembamba, wa kijani kibichi sana. Aliulisha jioni ile kipande kimoja kuujaribu. Kesho yake mama alisimulia mkutano wa Jumatano wote, aliyesema nini, soda ya nani ilikuwa ya chungwa, Mzee Donati alivyofuta jasho, jinsi wote walivyosikia na kuelewa na kukubali kwamba ni kweli, kisha wakanyanyuka wakaenda nyumbani kwao. Alisimulia vizuri sana, bila kuruka.

Levina alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka kugandisha chupa nyingine. Jioni ile akaulisha tena mfereji ule pamoja na mingine, kipande kwa kila mmoja, kwa sababu ukiuacha mmoja na njaa, unaoza, na ukioza unaambukiza yote.